Tope la Raya

Usimwage tope ukingoja mafuta. Mmeisikia leo dukani, Mama Salha akimkaripia mkwewe aliyeuza cherehani apate pesa za sherehe ya kufungua duka la ushonaji. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu. Imezaliwa hapahapa kisiwani, na kila nikiisimulia roho yangu huchafuka. Haya, kaeni, niwaambie ilivyoanza.

Nchi haikomi ufukweni. Inateremka chini ya maji na kuendelea kule mbali ambako hata samaki hawalijui jua. Huko chini, wataalamu walituambia, huenda kuna mafuta na gesi. Lakini sheria ya dunia inaipa kila nchi bahari yake mpaka mahali fulani tu. Inayotaka kupita hapo lazima ithibitishe kwamba sakafu ile ya bahari ni ardhi yake ileile iliyoshuka. Wenzetu wa ng'ambo nao waliitaka sakafu hiyohiyo, kwa hiyo ikapangwa siku ya kila upande kuwaonyesha wakaguzi ushahidi wake. Ikipita, imepita.

Kazi ya ushahidi alipewa Raya binti Khatibu, mtaalamu wa miamba, mtu wa maneno machache. Serikali ilikodi meli, naye akakaa baharini msimu mzima akizamisha mabomba marefu ya chuma kwenye sakafu ya bahari na kuyavuta juu yakiwa yamejaa tope. Msilidharau tope hilo. Lilikuwa limelala tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu wa vilima vyetu, ulioteremshwa na mvua tangu kale. Mama yake alifariki yeye yuko huko, akazikwa bila bintiye kuuona uso wake.

Aliporudi bandarini hakulia mbele ya watu. Alipaka rangi nyekundu ncha ya juu ya kila bomba, mtu asije akayapindua, tabaka zikavurugika. Akayaweka katika chumba cha baridi cha samaki, maana tope lile likikauka hupasuka na halifai tena. Ndipo akaenda kwao shamba kumsomea mama yake hitima.

Sasa msikieni Bwana Haidari, katibu wa kamati ya mafuta, ambaye hakuwahi kuikanyaga meli ile hata siku moja. Eti ushahidi upo, kwa nini wananchi wasifurahi mapema? Kanga zikachapwa zenye picha ya mnara wa kuchimbia mafuta. Mgeni rasmi akaalikwa. Wakachinjwa ng'ombe, na nyama ile yote ingeoza kwa joto, na chumba cha baridi kisiwani kilikuwa kimoja tu.

Raya alirudi asubuhi ya sherehe. Alichokiona kwanza ni bendera, zimepangwa njia nzima ya bandarini, zinapepea juu ya milingoti ya chuma. Kila mlingoti ulikuwa na rangi nyekundu nchani. Alikwenda akaushika wa kwanza, akaugonga, ukalia mtupu.

Faki, mlinzi wa chumba cha baridi, alimweleza huku macho yake yako chini. Amri ilitoka kwa mkubwa. Tope lilifukiwa kwenye mashimo ya barabara, magari ya wageni yasirukeruke, na gari la kushindilia lilikwishapita. Raya aliinama akachimbua kwa kucha zake. Alichokipata ni kokoto na kinyesi cha ng'ombe, na kidogo cha ule wekundu.

Akaenda hivyohivyo, mikono michafu, mpaka penye turubai.

"Raya mwanangu, karibu," alisema Bwana Haidari. "Umefika wakati mzuri. Kaa ule."

"Tope langu liko wapi, mzee?"

"Aa, lile. Usikasirike kwa jambo dogo. Wananchi wanangoja mafuta, hawangoji tope. Tutachota jingine."

"Kwa meli gani? Imesharudi kwao. Na wakaguzi wanafika wiki ijayo."

Bwana Haidari aliwatazama wageni wake akacheka, akamwambia mpakuzi amwongezee binti nyama. Sahani ikawekwa. Raya aliisukuma. Sauti yake haikupanda, lakini watu wa meza za jirani wakaacha kutafuna.

"Mama yangu amezikwa mimi sipo, kwa ajili ya tope hilo. Mafuta hayana ulimi, mzee. Yako chini, hayawezi kusema ni ya nani. Tope ndilo lililokuwa linatusemea. Wewe umemwaga tope ukingoja mafuta. Basi kula nyama, ushibe, maana hutapata kingine."

Wakaguzi wakaja. Kamati ikawaonyesha kanga, ikawasomea hotuba. Wenzetu wa ng'ambo wakaleta tope. Mnahitaji niwaambie nani alishinda? Bwana Haidari alihamishiwa wizara nyingine, akapewa na gari kubwa zaidi. Raya ndiye aliyeitwa kujieleza kwa nini aliliacha tope bila ya kulilinda. Raya, wanangu, si Haidari.

Leo wenzetu wanachimba gesi pale, chini ya udongo wa vilima vyetu. Mtungi ule wa jikoni, ambao mama yenu aliupangia foleni juzi, umejazwa kwao na kuletwa kwa bei waitakayo wao. Na ile njia ya bandarini, kila ikinyesha, hutoa tope jekundu. Mnarudi nalo miguuni, nami nawafokea mlioshe kabla hamjaingia ndani. Ndilo hilo. Ndilo lililokuwa litupatie bahari.

Usimwage tope ukingoja mafuta.