Mji Uliovaa Jezi Mbili

Wapendwa, kabla hatujaliingia neno la leo, naomba niwapeleke kwanza uwanjani. Najua wako akina mama hapa wanaosema mpira si jambo la kanisani. Mnivumilie kidogo. Ninayetaka kumzungumzia si mchezaji, ni muuza nyama.

Alikuwa na bucha katika mji mmoja wa bara, mji uliokua kuzunguka kiwanda cha kuchambua pamba. Mji huo ulikuwa na timu yake ya ligi kuu. Timu ile haikuanzishwa na tajiri. Waliianzisha vibarua wa kiwanda, enzi za baba yake muuza nyama, na uwanja waliusawazisha wenyewe kwa majembe, Jumamosi baada ya kazi. Magoli ya kwanza yalikuwa ya miti ya mikaratusi, na baba yake alikuwa mmoja wa walioibeba begani kutoka msituni. Habari hiyo muuza nyama alimsimulia kila mteja, hata yule aliyetaka utumbo tu na ana haraka.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila mtu alikuwa na timu mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani. Ya pili ni timu kubwa ya jijini, yenye makombe, inayotajwa redioni tangu asubuhi hadi watu wanapolala. Na siku timu hiyo kubwa inapokuja kucheza pale, watu walivaa jezi mbili: nyeupe ya nyumbani kwa juu, ya zambarau ya wageni kwa ndani. Hawakuona ubaya. Ukimuuliza mtu, "Sasa wewe leo uko upande gani?" atacheka, atakujibu, "Ya nyumbani ipo tu. Itaenda wapi?"

Ndipo siku moja ikasikika kwamba inakwenda.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa siku nyingi, na timu ikachukuliwa na mfanyabiashara mmoja ili isife. Huyo sasa alikuwa amezungumza na watu wa mji mwingine, mbali kusini, wasio na timu. Ligi ikiisha, wachezaji wangepanda basi na kwenda huko, na jina la timu lingekuwa la huko.

Mji ulishtuka. Pale buchani benchi halikutosha. Watu walisimama hadi barabarani.

"Wanatuzika tukiwa hai," alisema fundi baiskeli.

"Nani akuzike wewe?" akamjibu mshona viatu. "Mara ya mwisho kuingia uwanjani ulikuwa hujaota ndevu."

"Mimi huwa nafuatilia redioni!"

"Redioni walikuwa wanatangaza mechi ya jijini, bwana. Yetu haitangazwi."

Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mmoja alikuwa anaitafuta mara yake ya mwisho, na wengi hawakuipata.

Muuza nyama alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Akafua shati lake jeupe, akaenda kwa mwenye timu.

"Shikamoo, mzee wangu," mwenye timu akampokea.

"Marahaba. Tajiri, sikuja kukaa. Ukituondolea timu umetuondolea jina. Baba yangu alibeba magoli ya uwanja ule begani. Watoto wetu watasema wao ni wa wapi?"

"Mzee wangu, njoo siku yoyote ya mechi ya kawaida. Wale vijana wanacheza mbele ya mbuzi. Na mbuzi wenyewe hawatazami, wanakula nyasi."

"Tupe mechi moja tu. Tutaujaza uwanja."

"Mechi ipi?"

Muuza nyama hakufikiri hata kidogo. "Ile timu kubwa ikija."

Mwenye timu akamtazama. "Mechi hiyo uwanja hujaa wenyewe."

"Safari hii hautajaa tu, tajiri. Utaungurumisha bati za jukwaa."

"Haya. Siku hiyo utakaa na mimi. Nikisikia kwamba mji huu unaitaka timu yake, haihami. Hilo nakuahidi."

Muuza nyama alitoka pale anatembea kama bwana harusi. Alizunguka sokoni, stendi, kwenye mashine za kusaga, akitangaza: njooni, timu yetu inabaki! Na siku yenyewe ilipofika, hakuongopa. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Uwanja mzima ulikuwa mweupe kama shamba la pamba lililokomaa. Hata mama mmoja mjane, muuza vitumbua aliyepanga meza yake kando ya bucha, alifunga biashara mapema akaenda. Hakuwa amewahi kutazama mpira. Lakini nahodha wa timu alikuwa mwanawe, na kijana huyo alikuwa ameitwa timu kubwa akakataa, kwa kuwa hakutaka kumwacha mama yake na mji wake.

Muuza nyama akaketi kando ya mwenye timu. "Unaona?" akasema. "Naona," mwenzake akajibu.

Mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza hapakuwa na goli. Na jua la siku ile, ndugu zangu, lilikuwa kali. Mtu aliyevaa jezi mbili hupata joto. Nawauliza: mtu akisikia joto, anaanza kuvua ipi?

Ya juu.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni joto tu. Huyu alivua akaikalia, yule alijifunika nayo kichwani kwanza, kisha akaishusha miguuni. Mwingine aliifutia jasho. Kidogo kidogo, hapa na pale, kama doa la wino kwenye kitambaa, uwanja ule mweupe ukaanza kuwa zambarau, na hakuna aliyeuona ukibadilika, kwa maana kila mtu alikuwa anatazama mpira.

Kipindi cha pili timu ya nyumbani ikapata mpira wa adhabu pembeni. Nahodha akaruka kuliko mabeki wa wageni, akapiga kichwa, mpira ukaingia wavuni.

Goli!

Na uwanja ukanyamaza.

Kijana akakimbia kuelekea jukwaani, mikono ameinyoosha, kama wafungaji wanavyofanya, akauleta mkono sikioni ili asikie watu wake. Akasikia kigelegele kimoja. Kilikuwa cha mama yake. Mama yule alikuwa amesimama peke yake katikati ya maelfu, anapiga kigelegele bila kujua kwamba hapaswi. Na nyuma yake mtu akasema, "Mama, kaa chini bwana, unatuziba." Akaketi. Akaiweka sawa khanga yake, akanyamaza na yeye.

Na muuza nyama? Alikuwa ameinuka nusu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaketi polepole, kama mtu aliyeinuka kuitikia jina akagundua ameitwa mwingine.

Dakika za mwisho wageni wakasawazisha. Ndipo zile bati za jukwaa zilipounguruma. Watu walikumbatiana, walirusha kofia, wazee waliruka kama watoto. Na katikati ya kelele zile muuza nyama alishtuka kuona kwamba mikono iliyo juu kuliko yote ni ya kwake, na koo linaloungua ni lake, na mtu pekee aliyeketi katika mstari ule ni mwenye timu.

Akashusha mikono. Akakaa.

"Tajiri," akasema, "hii ni miguu tu imesimama. Moyo wangu wewe unaujua."

Mwenye timu hakumkasirikia. Afadhali angemkasirikia. Alisema kwa upole, "Mzee wangu, niliahidi kusikia, na nimesikia. Timu yenu ilikuja jana kwa basi, na leo jioni inarudi kwao. Hii nyingine haijawahi kuwa na wenyewe. Acha niwapeleke vijana hawa mahali ambapo wakifunga, mtu atasimama."

Ligi ikaisha, na siku ya kuondoka ikafika. Muuza nyama alikwenda pale basi lilipokuwa linapakia, amebeba nyama nzuri ya paja, ameifunga vizuri kwa safari. Akamtafuta nahodha.

"Mwanangu," akasema, "msituondokee na kinyongo. Tuliwapenda. Mungu anajua tuliwapenda."

Kijana akaipokea nyama kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa na mama yake. Akasema, "Sina kinyongo, baba. Ila ile siku nilipofunga, nikasikia kimya kile, niligeuka kumtazama mshika kibendera. Nilidhani nimeotea. Nilidhani goli limekataliwa."

Akapanda basi.

Ndugu zangu, mfano umeishia hapo. Muuza nyama yule hakuwa mwongo. Aliipenda timu yake. Angeweza kukuonyesha mahali hasa baba yake alipochimbia magoli. Kosa lake ni moja: alidhani kwamba kitu kikiwa chako hakihitaji kuambiwa kwamba ni chako. Na wanaomshinda kwa kosa hilo ni sisi.

Wazee wa mtaa huu wa usharika wetu walinijia juzi. Wakaniambia, "Mchungaji, tumesikia mwinjilisti wetu anahamishwa. Zungumza na wakubwa wa jimbo. Mtaa huu bila yeye utafungwa. Kanisa hili babu zetu walilichomea matofali kwa kuni za kubeba kichwani." Nao walisema kweli. Nimeonyeshwa shimo walikochimba udongo. Nimetajiwa majina yao, ukoo kwa ukoo, na waliotaja hawakukosea hata moja.

Lakini nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo sikuwa na ruhusa ya kulisema. Leo ninayo. Mwenyewe amenipa.

Hahamishwi na jimbo. Ameomba mwenyewe.

Nilipomuuliza kama kuna aliyemkosea, alisema hakuna. Nyumba haivuji. Watu ni wapole, wakikutana naye njiani wanamsalimu. Akasema, "Mchungaji, nimefundisha hapa tangu mwanangu wa kwanza hajatembea, na sasa huyo mwana ameoa. Sina hakika kama nimewahi kusikika."

Tusimwulize kwa nini. Tujiulize sisi. Wahubiri wageni walipokuja na vipaza sauti vyao pale kiwanja cha mnada, ni nani aliyewapelekea mabenchi? Ni sisi, na tuliyatoa humu. Jumapili ile mwinjilisti alihubiri hapa kwa watu waliokaa sakafuni, na walikuwa wachache. Jioni tuliporudi, tulisimuliana maneno ya mgeni. Tuliyakumbuka yote. Lakini yule aliyekesha na mgonjwa wako, aliyemfundisha binti yako kusoma kwa sauti mbele za watu bila kutetemeka, aliyelijua kaburi la kila marehemu wenu na kulisafisha hata wenyewe mlipokuwa mbali, tulisema nini juu yake? Tulisema yupo. Basi. Yupo.

Na si yeye peke yake. Kuna mzazi nyumbani kwako ambaye unamwombea kila siku asife, na tangu mwaka uanze hujamwambia neno moja la shukrani. Kuna mke. Kuna mume. Tunawalilia kwa Mungu wasituondokee, na wao wako chumba cha pili, wanasubiri kusikia kama tunajua kwamba wapo.

Mwinjilisti ameketi pale karibu na dirisha, pamoja na mama mwinjilisti. Tukishavuna wataondoka. Sitawaambia mkamsihi abaki. Kule anakokwenda wameshamwandalia nyumba, na saa ya kusihi ilipita sisi tukiwa mnadani.

Ila hatutaimba wimbo wa kufunga bado. Nataka tuinuke mmoja mmoja, bila kusukumana, twende pale dirishani. Usimpe zawadi leo, na usimwambie kwamba utamkosa. Mwambie jambo moja tu alilowahi kulisema, ambalo umeliishi. Moja linatosha.

Na ambaye hana hata moja la kumwambia, asitoke nje, wala asijifanye anatafuta viatu vya mtoto. Abaki kwenye benchi lake. Bwana ataona mwenyewe ni wangapi tumebaki tumekaa.