Shimo la Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyamazeni basi. Na wewe uliye nyuma acha kutafuna, maana hadithi hii ni ya kusikiliza.

Hapo zamani za kale, Mama Ngiri alikuwa na vitoto lakini hakuwa na shimo. Chui alikuwa ameanza kupitapita kichakani kila jioni, na ngiri si wachimbaji. Akaenda kwa Fundi Muhanga, hodari wa kuchimba, mwenye masikio marefu ya urembo tu.

"Fundi, naomba shimo," akasema. "Lakini sisi ngiri tukiingia shimoni, tuna..."

"Mna haraka. Nimekuelewa, mama. Ondoa shaka."

"Sijamaliza, fundi. Sisi tuna..."

"Mna watoto wengi. Nimekuelewa."

Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo ukaruka. Muhanga akachimba shimo jembamba lenye kona, kama lake mwenyewe, ambalo yeye huingia kwa kichwa.

Mama Ngiri akalitazama shimo. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, makalio kwanza, ili uso na meno vibaki mlangoni kumngoja adui. Akajaribu hivyo hivyo. Akarudi nyuma, akarudi nyuma, akakwama kwenye kona. Vitoto vikamvuta masikio mpaka akatoka.

"Fundi, umeona kwamba..."

"Ni kubwa mno. Nitachimba dogo."

Jamani, kiumbe huyu! Mama Ngiri alichoka hadi mkia wake, ambao husimama wima akikimbia, ukalala. Kwaru, kwaru, likachimbwa jingine. Nalo lina kona, tena jembamba zaidi. Jua likashuka.

"Ngoja nikuonyeshe linavyoingiwa," akasema Muhanga. Akatumbukiza kichwa, mkia ukabaki nje.

Majani yakalia chakacha, chakacha. Mama Ngiri akamwona Chui.

"Fundi, toka, Chui yuko..."

"Chui hapiti kwenye kona. Nimekuelewa," sauti ikajibu toka chini.

Chui akaudaka mkia. Muhanga akapiga yowe. Mama Ngiri angeweza kukimbia na wanawe, na kwa hasira aliyokuwa nayo, aliliwaza hilo kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akamvamia Chui kwa meno, puu! Chui akaachia, akaenda zake akichechemea.

Muhanga akatoka. Ncha ya mkia haikuwepo. Akaketi chini, masikio juu.

"Sema, mama."

Mama Ngiri akangoja akatizwe. Kimya. Akangoja tena. Kimya. Machozi yakamlenga, maana tangu asubuhi hakuwa ameachwa afike mwisho wa neno lake.

"Sisi huingia kinyumenyume," akasema. "Tunataka mlango mpana na njia iliyonyooka."

"Upana gani? Geuka nikupime."

Basi, ni hilo tu alilolitaka tangu asubuhi. Kwaru, kwaru, kwaru! Kabla ya giza, vitoto viliingia, mama akafuata, makalio kwanza. Chui aliporudi alikuta meno mlangoni, akageuza njia.

Nanyi mkipewa kazi, au mkizungumza na mtu, mwacheni amalize, kisha mwulizeni. Asemaye "nimekuelewa" kabla ya kusikia huchimba shimo la kwake, si la aliyemtuma.

Hadithi yangu imeishia hapo, na nimefika mwisho bila kukatizwa na yeyote, isipokuwa huyo anayetafuna.