Picha ya Subilaga

Wapendwa, hebu tulieni niwasimulie. Huko kwenye milima ya chai kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Ambilikile. Kazi yake kiwandani ilikuwa kuchochea kuni kwenye tanuri la kukaushia chai.

Mwaka huo kampuni ikatangaza jambo jema: kila mfanyakazi atakatiwa bima ya afya, yeye na mwenzi wake, na watoto wake wote wasiozidi miaka ishirini na mmoja. Mtu alitakiwa tu kufika ofisini kabla ya Ijumaa kuandikisha watu wake. Tangazo likabandikwa getini. Sasa niwaulize, watu walikimbilia? Wapi! Wengine walidhani ni janja ya kukata mishahara. Wengine waliona aibu kusema hawajui kusoma.

Afisa utumishi, binti mmoja jina lake Aikande, hakukaa kitini kuwangoja. Alibeba makaratasi yake akawafuata waliko, shambani kwa wachumaji, kwenye mashine, hadi akafika kwenye tanuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku, cheche zisije zikakuunguza."

Aikande akaketi juu ya gogo, akamweleza taratibu, tena bila haraka. Akaandika jina la mke. Kisha akauliza, "Na watoto, baba, unao wangapi?"

"Watatu," alijibu Ambilikile, akageuka upesi kusukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa.

Ndugu zangu, alikuwa nao wanne. Wa kwanza, Subilaga, alipata mimba akiwa chuo cha ualimu, na baba yake akamwambia asikanyage tena pale nyumbani. Binti akaenda kuishi kwa shangazi yake huko Kyela. Tangu hapo jina lake halikutajwa mbele ya baba. Mama alilitaja jikoni, akiwa peke yake.

Aikande aliona jinsi mzee alivyogeuka, lakini hakumhoji. Alisema tu, "Asiyeandikwa sasa atasubiri mwaka mzima. Kama kuna mtoto umemsahau, nipo ofisini mpaka Ijumaa jioni."

Kumsahau? Neno hilo lilimchoma. Maana kumsahau ndiko alikoshindwa. Subilaga alikuwa na pumu tangu utotoni. Ambilikile alikumbuka kifua cha mtoto kikilia mgongoni mwake, mvua inanyesha, yeye anakimbilia zahanati. Sasa je, kifua kikibana huko Kyela, nani anambeba?

Ijumaa akaingia ofisini, kofia mkononi. "Yupo mwingine," alisema.

"Anaitwa nani, baba?"

"Subilaga. Ana miaka ishirini. Ana pumu."

Aikande aliandika, hakuuliza alikuwa wapi siku zote. "Vizuri sana. Inabidi aje mwenyewe apigwe picha. Nitakuombea muda mpaka Jumatatu."

"Ana mtoto mchanga."

"Mjukuu utaratibu haumruhusu, baba. Siwezi kukudanganya."

Jumamosi mzee akateremka Kyela. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwonya binti na masharti ya kumpa. Akamkuta uani anaanika mpunga, mtoto mgongoni. Subilaga alipomwona akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Na maneno yote aliyoyapanga yakampotea. "Nimekuja kwa ajili ya bima. Wanataka picha yako."

Binti akamtazama. "Umekuja mpaka huku, baba, kwa ajili ya picha?"

Angeweza kujibu ndiyo. Ingekuwa rahisi, na asingejishusha hata kidogo. Mzee akatazama chini, kwenye mpunga, halafu akamtazama mwanawe.

"Hapana," alisema. "Nimekuja kukuchukua. Nilikukosea, mwanangu. Twende nyumbani."

Subilaga akainuka. Alifungua khanga, akamshusha mtoto mgongoni, akampa babu yake. Yule ambaye kampuni haikuwa na nafasi yake akalala palepale kifuani pa Ambilikile, na jioni wakapanda mlima wote watatu.

Wapendwa, mnaliona jambo hili? Sisi tunangoja mioyo yetu iwe tayari kwanza ndipo tukapatane. Tunangoja tupate maneno mazuri. Tunangoja yule mwingine aanze. Mzee huyu hakuwa tayari! Aliondoka nyumbani kwake na kisababu cha picha, na Mungu hakukidharau kisababu hicho. Alimfikisha nacho mlangoni, na hapo mlangoni akampa neno ambalo hakuondoka nalo.

Basi, kama huna ujasiri wa kwenda kusema samahani, nenda kaazime jembe. Nenda kaulizie hali ya ng'ombe wao. Ndugu yangu, nenda na sababu yoyote uliyo nayo, mradi ufike.

Na sasa hivi ninapozungumza, kuna mtu amekujia moyoni. Usijifanye humjui. Tukitoka hapa kanisani leo, kabla hujala chakula cha mchana, mfuate huyo.