Kilo Chache Zilizogoma

Mwanamke mmoja alikuwa na kilo chache mwilini ambazo ziligoma kumtoka. Hazikuwa nyingi. Ungemwona kanisani amejifunga kitenge chake vizuri usingezigundua. Lakini goti lake la kulia lilizijua, na lilimwambia kila alipoinuka.

Mwanamke huyo aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, umri umepita sitini, na aliishi mjini Same, huku chini tambarare, nyumbani kwa mwanawe, pamoja na mkwewe Tumwagile na wajukuu. Ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki duniani alikuwa mmoja tu, mdogo wake Enesia, naye alikaa juu milimani, mahali ambapo gari huishia chini na kila mtu hupanda kwa miguu yake. Kwa ajili ya goti, Nakijwa alikuwa hajafika kwa mdogo wake miaka mingi.

Sasa sikilizeni. Zikashuka habari kutoka mlimani kwamba Enesia anaolewa. Ndiyo, anaolewa, na mvi zake kichwani! Alikuwa mjane kama dada yake, na seremala mmoja aitwaye Elirehema, mjane naye, alikuwa amemchumbia mbele ya usharika wote bila aibu yoyote. Harusi ingefungwa huko huko juu baada ya mavuno. Nakijwa aliposikia alipiga kigelegele peke yake uani hadi majirani wakachungulia. Kisha akalikumbuka goti, akanyamaza.

Akaenda hospitali. Daktari akalikunja goti na kulikunjua, akamwambia kwamba goti si bovu, limechoka. Likipunguziwa mzigo kidogo, mlima litauweza. Nakijwa akatoka pale na furaha ya mtu aliyekwisha kufika. Kilo chache tu! Alikwisha kuzika mume, alikwisha kusomesha watoto kwa jembe. Kilo chache zingemshinda vipi?

Akazitangazia vita. Aliacha sukari kwenye chai. Aliacha chapati, akaacha wali, akaacha chakula cha jioni. Asubuhi alitembea hadi relini na kurudi. Watu wa nyumbani walipokaa kula, yeye alipita na kisahani cha mchicha mkononi, akisema ametosheka. Wakamsifu kwa moyo wake. Naye akapanda kwenye mizani ya zahanati, na mizani ikamwambia yale yale iliyomwambia mara ya kwanza.

Akakaza zaidi. Mizani haikumhurumia. Njaa ikamfanya mkali, akawa anawafokea wajukuu kwa kucheka tu. Akaanza kuuchukia mwili wake. Mwili ule uliomzalia watoto, ulioteka maji mtoni na kupanda mashamba ya matuta mlimani miaka yote ya ujana, sasa aliuita mkaidi, aliuita msaliti. Mwisho akatuma ujumbe mlimani kwamba asisubiriwe. Wafunge ndoa, Mungu awabariki, yeye ataombea akiwa nyumbani.

Enesia hakujibu ujumbe ule. Alishuka mwenyewe. Alifika asubuhi na kitenge cha sare ya harusi begani, akamsalimu dada yake, akaketi kwenye kigoda jikoni akaanza kupukuchua mahindi, kama mtu ambaye hakusikia habari yoyote. Na siku ile yote alikaa pale pale, mikono ikifanya kazi, macho yakitazama.

Alimwona Nakijwa akiteleka makande na kuonja chumvi kwa kiganja. Akaonja tena, kwa sababu maharage hayakuwa yameiva. Akaonja tena, kwa sababu yameiva. Alimwona akiuchukua uji ambao mjukuu aliuacha kikombeni na kuumaliza kwa haraka, ili usimwagwe. Tumwagile alikaanga maandazi. Moja likavunjika, na nusu ile isiyofaa kwa wageni ikaenda mahali ilipokwenda. Wali wa watoto ulipopakuliwa, sufuria ilibaki na ukoko, na ukoko ni kazi kuusugua, kwa hiyo Nakijwa aliukwangua kwa mwiko akiwa amesimama karibu na mlango, huku akiulizia habari za mlimani. Mkono ulikwenda kinywani na kurudi, na mwenyewe hakuwa na habari nao.

Jioni, chakula kilipokuwa tayari, Nakijwa alichukua kisahani chake cha mchicha akaegemea ukuta. Hapo Enesia akaweka mahindi chini.

"Dada," akasema, "tangu asubuhi nimekuona ukionja, lakini sijakuona ukila."

Nakijwa alikasirika. Yeye ale? Yeye ambaye kila siku analala na njaa, na nyumba nzima ni shahidi? Alifungua kinywa amjibu mdogo wake neno zito, na ndipo alipoona kwamba katika mkono wake mwingine, ule usioshika kisahani, alikuwa ameshika kipande cha andazi. Hakujua alikichukua saa ngapi.

Akakitazama. Kisha Nakijwa akaanza kucheka, kicheko kikampanda hadi machozi yakamtoka, na mengine kati ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko.

Kwa maana alikumbuka. Alikumbuka alivyoingia nyumbani kwa mama mkwe akiwa msichana, na ilivyokuwa kila akitaka kuketi huyu anataka maji, yule anataka chumvi, mzee anataka kunawa. Akajifunza kula akipita. Juu ya hao akawapo mume, watoto wakafuata, kisha wajukuu. Alilisha watu maisha yake yote, naye akaishi kwa kilichobaki. Ujanani jembe na ndoo za maji vilikula kila kitu pamoja naye, kwa hiyo hakuna aliyeona. Sasa maji yako bombani na mashamba yako mikononi mwa wengine, lakini mkono haukuwa umeambiwa. Na vitu alivyokula akiwa amesimama hakuwahi kuviita chakula. Vilikuwa vya watu. Yeye aliviokoa tu visipotee.

Enesia akamwondolea kisahani mkononi. Akamkalisha. Akampakulia makande, sahani kamili, na mboga pembeni, na nusu ya parachichi, akaiweka mbele yake kama anavyowekewa mgeni. "Kula, dada. Yote ni yako." Nakijwa akala polepole, kwa aibu mwanzoni. Maharage yalikuwa na ladha! Alikuwa ameyapika miaka arobaini na zaidi bila kujua yana ladha gani kwa mtu aliyeketi. Alipomaliza akahisi jambo geni tumboni. Alikuwa ameshiba.

Tangu siku ile akawa na sharti moja tu, kwamba hakuna kitu kitakachoingia kinywani mwake akiwa amesimama. Msidhani lilikuwa jepesi. Mkono uliendelea kwenda sufuriani wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni. Lakini Tumwagile alikuwa macho. Kila alipouona mkono unaondoka, alivuta kigoda, akasema kwa adabu zote, "Karibu uketi, mama." Na Nakijwa alilazimika kuchagua, aketi na ale kama mtu, au aache. Mara nyingi aliacha, wakacheka wote wawili. Kuku wa uani wakanenepa kwa ukoko na uji uliobaki. Wajukuu wakapata bibi yao wa zamani, kwa sababu mtu aliyeshiba hafoki ovyo. Nakijwa akarudi kutembea asubuhi, safari hii kwa kuwa alipenda kutembea.

Na zile kilo? Ziliondoka kimyakimya, kama wageni waliogundua kwamba hawapikiwi tena. Siku moja kitenge kilizunguka kiunoni kikapita pale kilipozoea kuishia. Siku nyingine aliinuka kanisani wakati wa wimbo, akaimba beti zote, ndipo akatambua kwamba goti halikusema kitu.

Siku ya harusi ikafika. Gari likamshusha Nakijwa na watu wa nyumbani chini ya mlima jua likichomoza, na hapo njiani walikuwa wamesimama vijana wanne wenye mabega mapana, na machela mpya ya mbao iliyopigwa randa ikang'aa. Bwana harusi aliichonga kwa mikono yake. Alikuwa amesema dada wa mke wake atafika, hata kama ni kwa kubebwa.

Nakijwa aliizunguka machela, akaisifu kazi ya shemeji yake, akaipapasa. Kisha akaweka juu yake mkoba wake, na mikoba ya wenzake wote, na kapu la zawadi, akawaambia vijana, "Haya, bebeni, wanangu." Akatangulia mbele.

Alipanda! Alipumzika penye kivuli, akapanda tena. Penye mwinuko mkali goti lilinung'unika, akalibembeleza kwa fimbo, likanyamaza. Msituni ukungu ulimlowesha kilemba. Alipotokeza juu, penye migomba ya kwanza, mtu fulani alimwona akapiga yowe, na yowe likapokelewa nyumba kwa nyumba, na vigelegele vikafuata, na baragumu la kanisani likalia kabla ya wakati wake. Na bibi harusi, ambaye kwa desturi hapaswi kuonekana kabla ya kuitwa, alitoka ndani akikimbia, ameshika gauni kwa mikono yote miwili, mvi zake zikionekana wazi, akiita, "Dada! Dada! Kwa miguu yako!" Wakakumbatiana njiani wakizunguka kama wasichana, na mchungaji aliyekuwa amekwisha kuvaa kanzu akatazama saa yake, akaamua kutosema neno.

Ndugu zangu, wengi wetu tunapigana na mizigo ya uzeeni kwa kujinyima zaidi, kumbe tuliipata kwa kujinyima. Furaha ndogo ya kuibia, pumziko la kuibia, sala ya kuibia tukipita mlangoni. Hayo ndiyo yanayotulemea, kwa kuwa hayashibishi na wala hayahesabiwi. Aliyetualika mezani hakutualika ili tulambe masufuria. Lakini leo sina swali kwa wanaosimama. Swali langu ni kwenu mnaoketi. Nyumbani kwako, wewe ukila, ni nani ambaye hujawahi kumvutia kigoda?