Ufa wa Hondohondo

Fumbeni macho kidogo, wanangu, mwone mti. Ni mkuyu mkubwa, umesimama juu kabisa ya mlima, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali. Shina lake lina uwazi ndani, mtu mzima anaweza kuingia akakaa amekunja magoti. Ingizeni mkono taratibu. Mnagusa upinde uliolazwa juu ya vijiti. Mnagusa wavu uliokunjwa, na ngozi ya kujifunika. Na hapo mlangoni, juu kidogo, mkono unakutana na kifurushi cha magome. Ndani yake kuna ulindi na ulimbombo, vile vijiti viwili ambavyo watu wa kale walivipekecha mpaka vikatoa moto.

Ndivyo mkuyu ule ulivyokuwa zamani, wakati hondohondo, yule ndege mweusi wa mdomo mrefu, hayupo bado duniani na hakuna ndege aliyeziba kiota chake kwa udongo.

Wawindaji wa siku zile hawakurudi na zana zao nyumbani. Masika yalipokaribia, waliacha kuwinda, wakateremka mashambani na mizigo ya nyama mabegani, na zana zikabaki mkuyuni mpaka kiangazi. Kulikuwa na taratibu zake. Upote, yaani kamba ya upinde, ulilegezwa ili upinde upumzike. Wavu ulianikwa kabla ya kukunjwa. Kila mtu alikuwa na vitu vyake, lakini mwenye shida aliweza kutumia cha mwenzake, mradi akirudishe kikavu. Vijiti vya moto tu ndivyo havikuwa na mwenyewe. Vilikaa mlangoni, ili mtu aliyekufa ganzi vidole avipate hata bila kutazama. Kwa hiyo hakuna aliyepanda mlima ule akiwa amebeba moto.

Miongoni mwao alikuwapo Mhando, mtu makini sana. Upinde wake alikuwa ameuchonga mwenyewe, na kila mwisho wa msimu aliupaka mafuta ya kondoo kwa kitambaa cha gome, polepole, kama mtu anayempaka mtoto. Mke wake aliitwa Mandia. Mandia alikuwa na kaka mmoja tu, Kilua, mtu wa kucheka na kuchekesha, na kila alichokishika Kilua alikiacha pale kilipomdondoka.

Siku moja, masika yakianza na wawindaji wengine wameshateremka, Kilua alifika kwa dada yake na paja la swala.

"Shemeji," alisema, "upinde wako una akili kuliko wewe. Mimi nimetazama tu, wenyewe ukapiga."

"Umelegeza upote?" Mhando aliuliza.

"Ah! Nimeuacha umekaza, usije ukasahau kazi. Shemeji, wewe siku ukifa tutakuzika na huo upinde, na huyu dada yangu tutamwoza mtu mwingine anayecheka."

Mandia alicheka mpaka akafuta machozi. Mhando hakucheka. Na msimu ulipofunguliwa tena, alipouvuta upinde ule uliokaa umekazwa miezi yote ya mvua, ulivunjika mikononi mwake kwa sauti kavu, na mnyama akaenda zake.

Hakumgombeza mtu. Alichonga upinde mwingine, akawinda nao, akanyamaza. Lakini ninyi mnajua, wanangu, kuna kunyamaza kwa aliyesamehe na kuna kunyamaza kwa anayepanga jambo. Msimu ulipokwisha na wenzake wakateremka, Mhando alibaki nyuma. Alichota udongo wa mfinyanzi kijitoni, akauchanganya na utomvu wa mkuyu, akaanza kuziba mlango wa ule uwazi, Kilua asiuguse tena upinde wake. Alijenga vizuri, maana hakujua kujenga vibaya.

Mlango ulipobaki mdogo, aliviona vijiti vya moto vikining'inia. Mkono wake ukasita. Vile havikuwa vyake, wala havikuwa vya Kilua. Angevitoa, angevifunga kwenye tawi, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini kifurushi kikining'inia nje kingemwonyesha kila mtu mahali ulipo mlango.

"Nani atakuja huku masika?" alijiambia. Akavisukuma ndani kabisa, nyuma ya nyavu, akamalizia kuziba. Juu yake akabandika vipande vya magome, hata ungepita karibu usingejua kama mti ule una tumbo. Jua la mwisho la kiangazi likaukausha udongo ukawa kama chungu.

Masika yakaja. Mandia alikuwa mjamzito, na homa ikamshika, ikakataa kumwachia. Dawa yake ilikuwa mzizi unaoota juu kule, karibu na mkuyu. Mhando alikuwa amejikata mguu kwa jembe, hakuweza kupanda. Kilua alisimama bila kuombwa.

Mama mmoja jirani alimwambia, "Chukua basi kijinga cha moto kwenye chungu, mwanangu. Huko juu kuna baridi."

"Cha nini, mama? Mvua itakizima kabla sijavuka kijito. Moto upo mkuyuni." Kisha akamgeukia Mhando, akamkonyeza. "Au umeuhamisha, shemeji?"

Watu wote wakacheka. Mhando akacheka nao. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, lakini aliona haya kulisema mbele ya watu, na mbele ya mkewe mgonjwa. Akajiambia kwamba Kilua ana miguu myepesi, atarudi kabla jua halijazama. Akamwacha aende.

Kilua hakurudi. Mvua ile ilinyesha kwa upepo, ya namna inayowaua hata mbuzi zizini. Kulipopambazuka, Mhando alikata fimbo, akapanda akichechemea na kuita njia nzima.

Alimkuta amekaa chini ya mkuyu, magoti kifuani, mwili umeshapoa, bega limeegemea ule udongo. Alikuwa ameujua mlango. Alikuwa ameukwaruza kwa kucha, na kucha zake zilijaa mfinyanzi. Alikuwa amefanikiwa kutoboa ufa mwembamba wa kupitisha mkono, na mkono wake mmoja ulikuwa bado umo ndani mpaka kwenye kiwiko, umenyooka, ukitafuta mahali pale pa siku zote ambapo vijiti vilikaa. Kwapani, chini ya nguo, kulikuwa na mzizi umefungwa kwa majani. Ulikuwa mkavu.

Mandia alikunywa dawa ya kaka yake, akapona. Alipopata nguvu ya kukaa, aliuliza Kilua yuko wapi, na Mhando akamweleza yote, tangu upinde mpaka udongo.

"Alipokuuliza kama umeuhamisha moto," alisema Mandia, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mke wangu."

Mandia akajifunga nguo, akapanda mlima na tumbo lake. Mhando alimfuata kwa mbali. Akamwona akibomoa ule udongo, akitoa nje pinde na nyavu na vijiti vya moto, kisha akiingia mwenyewe ndani ya mti.

"Leta udongo," alisema kutoka ndani. "Kazi hii unaijua. Sasa utabaki nje wewe, kama alivyobaki kaka yangu."

Mhando alilia, akamsihi, mwisho akaleta. Alibeba madonge kichwani kutoka kijitoni, na Mandia akayapokea, akaziba mlango kwa mikono yake mwenyewe, kutoka ndani. Lakini hakuziba wote. Aliacha ufa, upana uleule alioutoboa kaka yake.

Mhando akabaki nje. Alichuma makuyu, akampitishia kwa mdomo kwenye ufa, moja baada ya jingine, naye alikuwa akiyapokea kimya. Alimlisha hivyo siku hadi siku, uso umebanwa kwenye udongo, mpaka mdomo wake ukarefuka kwa kuingia ufani. Donge la mfinyanzi likamgandia kichwani, likawa pembe. Nguo yake nyeusi ikaota manyoya. Alipotaka kuliita jina la mkewe, sauti iliyotoka ilikuwa kilio kikubwa kilichosikika mpaka bondeni. Na siku Mandia alipobomoa ukuta na kutoka na mtoto wake, wote walikuwa na mabawa.

Tangu masika yale, hondohondo jike huingia ndani ya mti, akajiziba kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba. Dume hukaa nje akimlisha, wala hathubutu kwenda mbali. Mkisikia kilio chake asubuhi yenye ukungu, msimcheke. Nao wawindaji wa milima yetu hawazibi tena mahali wanapohifadhi zana zao. Hulegeza upote, hukunja wavu, na kabla ya kuteremka, mmoja wao hunyoosha mkono kuhakikisha vijiti vya moto vipo mlangoni.

Fumbueni macho sasa. Mengine mkiyasahau, si kitu. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: siku mtakapokuwa wakubwa, na mkawa mnaondoka mahali, uacheni moto pale ambapo mkono wa anayekuja utaufikia.