Binti Aliyepita Mlangoni

Wapendwa, mnazikumbuka nyumba tulizolelewa? Mama yuko jikoni anakaanga vitunguu, hata hageuki, lakini anajua kila mtoto alipo: huyu kwa kikohozi chake, yule anavyoburuza kandambili. Siku hizi tuna majengo ya ghorofa, na humo ndani watu wanapotea.

Kulikuwa na binti mmoja, fundi wa mitambo ya intaneti, aliyepewa kazi katika hospitali kubwa. Wagonjwa wenye kusahausahau walivalishwa bangili za kutuma mawimbi, ili muuguzi akitazama simu aone kila mmoja alipo. Lakini simu zilikosea. Mgonjwa yuko wodini, simu inasema yuko kwenye ngazi, maana kuta za zege huyadhoofisha mawimbi. Binti akaongeza mitambo ya kuyapokea, kisha akawa anapita chumba kwa chumba, siku baada ya siku, akipima nguvu ya mawimbi kila kona.

Katika hospitali hiyohiyo alikuwa amelazwa baba yake mzazi, naye amevaa bangili.

Asubuhi moja muuguzi akamkimbilia. "Dada, mzee hayupo kitandani!"

Binti akaacha kupima. Akafungua simu, na safari hii haikukosea: ghorofa ya nne, nyuma ya stoo ya mashuka. Akapanda mbio. Akamkuta mzee pekupeku, ameshika ukuta, anatetemeka.

"Baba! Unatafuta nini huku?"

"Nakutafuta wewe, mama."

"Mimi? Si nipo hapahapa kila siku?"

"Upo. Nakusikia ukipita mlangoni. Mwendo wako naujua tangu uliposimama dede. Zamani ukirudi shule ulikuwa unaingia kwangu kwanza, hata sare hujavua. Nimengoja uingie, leo nikaona nikufuate."

Binti akaketi sakafuni, akaipakata ile miguu ya baridi, akalia.

Ndugu zangu, mtambo ulikuwa umeshapona. Lakini niambieni, zile siku alizokuwa akipita, hakujua baba yake yuko wapi? Alijua! Kitanda cha dirishani. Na sisi je? Mama yuko kijijini, tunajua. Kaka amejifungia chumba cha pili, tunajua. Jirani mgonjwa yuko nyuma ya ukuta huu huu. Tunajua walipo, na tunapita.

Basi mimi sitakuuliza mzazi wako yuko wapi. Nitakuuliza jana alikula nini.