Nguchiro Aliyejipa Alama ya Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolalia kiporo. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasikilizana, palikuwa na pango la vibao. Kila mnyama alikuwa na alama yake, moja tu, isiyofanana na ya mwingine. Kibao cha kwanza kilionyesha alama na jina. Cha pili, alama na zamu ya kunywa kisimani. Cha tatu, alama na maradhi na dawa. Ukiijua alama ya mtu, unatoka kibao hiki unakwenda kile, unapata habari zake zote. Wajuzi wa siku hizi wanaita hifadhidata. Wao waliita Vibao, basi.

Na vibao havikuwa na mwenyewe. Aliyetaka kujua jinsi vilivyotengenezwa aliingia akatazama. Aliyetaka kunakili alinakili. Aliyeona kasoro alileta rekebisho lake. Mtunzaji alikuwa Bi Nungunungu. Alifuta vumbi, alipanga mistari, na kila mwezi ulipoandama alinakili vibao vyote akavipeleka kwa Kobe, ng'ambo ya mto.

Ukaja ukame. Tembo alikunywa wa kwanza, maana kisima alikichimba yeye. Nguchiro alikunywa wa mwisho. Kila siku alikuta tope. Siku moja akachoka. Akaingia pangoni mchana kweupe, hakuna aliyemuuliza. Krii, krii! Penye jina lake akachora alama ya Tembo. Penye jina la Tembo akachora yake. Akatoka anapiga mluzi.

Kesho yake Nguchiro akatangulia kisimani. Wanyama wakashangaa, wakaenda kutazama kibao, wakarudi. Kibao kimesema. Nguchiro akanywa. Akaoga. Akasukutua. Tembo alikuwa na maumivu ya meno, hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaenda nyuma ya foleni.

Mchana ule ule akaja mganga Kigogota. Kigogota alikuwa msahaulifu sana, kwa hiyo hakuamini kichwa chake, aliamini kibao. Akamwambia Nguchiro afungue mdomo. Nguchiro akasema meno yake ni mazima, hata mfupa anavunja.

"Kibao kinasema gego la kushoto limeoza," akasema Kigogota. "Tangu lini mgonjwa akajua kuliko kibao?"

Nguchiro akataka kukimbia. Nyati akamkalia mkia. Ko, ko, ko! Ng'wa! Gego likatoka, jeupe, linang'aa. Kigogota akaligeuza, akalinusa, akasema huenda limeoza kwa ndani. Nguchiro akalamba pengo. Akahesabu: jino moja, maji ya kwanza mpaka masika. Si hasara.

Na Tembo je? Tembo alipewa dawa ya Nguchiro, dawa ya viroboto: akae kwenye majivu siku tatu. Akakaa. Shavu likavimba kama mtungi. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakunywa. Siku ya tatu hakuweza kusimama, na wanyama wakaanza kusemezana nani atachimba kisima kingine.

Nguchiro aliyasikia hayo. Akaenda hadi mlango wa pango, akageuka, akarudi. Ndipo Kigogota akarudi.

"Nilisoma nusu," akasema. "Kibao kimeandika magego mawili."

Nguchiro akaanguka chini akasema yote.

Wakakimbilia pangoni. Bi Nungunungu hakurekebisha kwa kubahatisha. Aliagiza nakala kwa Kobe, akalinganisha mstari kwa mstari, akarudisha kila alama kwa mwenyewe. Kigogota akasoma upya, akaenda kwa Tembo. Ng'wa! Ng'wa! Usaha ukatoka. Tembo akalala siku mbili, akaamka, akanywa nusu ya kisima.

Wanyama wakaketi kikao. Nyati akataka pango lizibwe kwa jiwe, asiingie mtu tena. Bi Nungunungu akakataa.

"Kosa ni langu pia," akasema. "Nilimwachia kila mwenye kucha aandike. Lakini tukiziba pango, siku akiingia mwizi mmoja hatutamwona. Kusoma, asome kila mtu. Kuandika, asiandike mtu peke yake."

Ikawa hivyo. Mwenye badiliko alichora kwanza mchangani, nje. Wawili wengine walisoma, wakaridhika, ndipo likaingia kibaoni, na jina la aliyelileta pembeni.

Kisha wakamuuliza Nguchiro kama anajua mianya mingine. Akataja mitatu, bila kusita hata kidogo. Wakatazamana. Wakampa kazi: achukue nakala, ajaribu kuiharibu kwa ujanja wake wote, kisha aseme alipopitia. Akaipenda kazi ile kuliko maji. Tembo hakumsamehe siku hiyo. Alimsamehe masika yalipofika, tena kwa shingo upande.

Basi jueni: mali ya wote hulindwa kwa macho ya wote. Na ukichukua nafasi ya mwenzio, umechukua na maumivu yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ichukueni. Mwenye kuona kasoro airekebishe, akawasimulie wengine.